Mwatima na Kilio Alichokizuia

Assalaam alaykum. Wazee wangu, majirani wa Hounslow, na nyinyi mlioacha zamu zenu uwanja wa ndege mkaja kutuzikia, mimi ni Soud Hamad, mdogo wake marehemu, na familia imenitaka nikusomeeni maisha ya dada yangu, na mtoto wake Ghalia ameniomba nisome polepole, maana Kiswahili anakisikia vizuri ila kukisema anakionea haya.

Mwatima Hamad Faki alizaliwa tarehe 14 Agosti 1967, Jadida, Wete, kisiwani Pemba, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Hamad Faki na Bi Raya Juma. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Wete, kisha sekondari Utaani hadi mwaka 1984, na waliosoma naye hawamkumbuki kwa hesabu wala kwa mbio, wanamkumbuka kwa michezo ya kuigiza, kwani alipokosekana mvulana wa kuwa mfalme, yeye ndiye aliyebandika ndevu za makumbi, akakaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu na kuwahukumu watu, na baba yetu, aliyefika pale amenuna, aliondoka akifuta machozi ya kicheko.

Mwaka 1986 aliajiriwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya kilimo, na tarehe 5 Disemba 1992 aliolewa na Shemeji Amir Khalfan, fundi redio kutoka Chake Chake. Tarehe 7 Mei 1995 walijaaliwa mtoto wao wa kwanza, Hamdun, mwenye sauti nene kuliko umri wake, aliyependa kubebwa hata alipokwisha kujua kukimbia.

Shemeji alikuja London mwaka 1996, dada akamfuata mwaka 1998, na mtoto akabaki kwa mama yetu kwa sababu karatasi zake zilichelewa, sote tukiamini kwamba angefuata baada ya miezi michache. Haikuwa. Hamdun alishikwa na malaria, akafariki tarehe 21 Machi 1999, nikamzika mimi, kisha nikaenda kupiga simu. Wazazi wake hawakuweza kusafiri, kesi yao ya ukaazi ilikuwa haijaamuliwa, na aliyetoka Uingereza hakuwa na ruhusa ya kurudi.

Watu walijaa chumbani mwao hapa Hounslow, kila mmoja akimwambia Mwatima asubiri, naye akasubiri kwa namna iliyotutisha, hakulia, hakulitaja jina la mtoto, na Shemeji naye hakulitaja, wakaishi hivyo, wema mmoja kwa mwenzake, lakini kila mmoja na lake. Ghalia alizaliwa tarehe 30 Januari 2002, akakua bila kujua kwamba alikuwa na kaka. Karatasi zilipotoka mwaka 2006, dada alikataa katakata kukanyaga Pemba, na simu zake kwa mama zikawa salamu tu, hata mama akaamini kwamba analaumiwa.

Toka mwaka 2000 dada alikuwa akifanya kazi Hayes, katika jiko kubwa linalopakia vyakula vya ndege, na hapo ndipo alipokutana na Pushpa, mzaliwa wa Tanga, mnayemwona amekaa pale mbele. Walikuwa wakipanga trei bega kwa bega, wakizungumzia urojo, halua na sinema za zamani, na wenzao walikuwa wakishangaa Mhindi na Mpemba kuteta kwa Kiswahili. Pushpa alipofiwa na mumewe mwaka 2010, alijiunga na darasa la maigizo la Nishma katika ukumbi wa jamii hapa Hounslow, na kwa kuwa aliona haya kwenda peke yake, akamburura Mwatima.

Mchezo waliouonyesha Juni 2011 ulikuwa mdogo, mama anamngoja mwanawe mlangoni, mtoto anafika, mama anambeba, basi. Mtoto alikuwa kanga iliyokunjwa. Mimi nilikuwa nimeshahamia Hayes, nikakaa nyuma, nikamwona dada yangu anaipokea ile kanga, anaipakata, anasahau maneno yote aliyofundishwa, na anaita, "Hamdun." Kisha akalia. Watu walidhani anaigiza, wakapiga makofi, mpaka makofi yakafifia yenyewe, kwa sababu Shemeji Amir alikuwa ameinuka kwenye kiti chake, amepanda jukwaani na viatu vyake vya kazi, na amenyoosha mikono.

"Nipe na mie nimbebe," alisema.

Akampa. Wakakaa chini pale pale wakalia pamoja, na Ghalia, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, akanijia nyuma kule kuniuliza kwa Kiingereza Hamdun ni nani, nikamjibu ni kaka yako.

Julai 2012 walikwenda Wete wote watatu, wakafika kaburini, na mama yetu, aliyekuwa haoni pa kuuweka uso wake, Mwatima alimwekea kichwa mapajani, akamwomba amsimulie siku za mwisho za mtoto, mama akasimulia, na alipofariki mwaka 2015 alikuwa ameshapumua.

Baada ya hapo darasa la Nishma halikumwachia. Kila Jumamosi alikuwa pale, na wengi wenu mlioko humu mliingizwa na yeye, akiwemo Chaman, dereva wa malori ya chakula, aliyesema amekuja kubeba viti tu, akaishia kumwigiza marehemu kaka yake.

Mwaka 2023 dada aligundulika na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa kadiri ilivyowezekana, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, alifariki nyumbani, Shemeji akiwa amemshika mkono. Ameacha mume na mtoto mmoja, Ghalia, na nasoma kama alivyoagiza yeye mwenyewe, ametanguliwa na mwanawe Hamdun.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani waliotuletea chakula bila kuambiwa, wafanyakazi wenzake wa jikoni, na Nishma na ukumbi wake.

Dada yangu, leo tumekulilia kwa sauti na hapana aliyemnyamazisha mwenziwe. Lala salama, Mwenyezi Mungu akupokee kwa rehema zake.