Bi Mkasi na Madirisha Mia Saba Sitini na Manane

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mkuu wa Kitengo cha Mipango na Mwonekano wa Mabasi atakabidhi ofisi yake baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka thelathini na mitatu, bila kukosa kazini ila kwa ugonjwa, uzazi na misiba. Jina lake kamili limo katika jalada la utumishi. Madereva, mafundi na wakurugenzi wote waliopita walimwita Bi Mkasi, kwa sababu hajapata kuonekana karakana bila mkasi mfukoni. Alikatia sampuli za rangi, stika zilizobandikwa upande na, mara moja tu, tai ya mhandisi iliyonaswa na feni ya mashine. Mhandisi huyo yu hai, na kila mwaka humtumia salamu.

Alianza kama karani wa kuhesabu abiria. Alisimama kituoni na daftari tangu saa kumi na mbili asubuhi, akiandika wangapi wamepanda, wangapi wameshuka na wangapi wamebaki wakitukana. Kutokana na daftari hilo aligundua kwamba njia ya nne ilipungukiwa na mabasi sita kila asubuhi, ilhali mchana ilikuwa na mabasi kumi na moja yasiyo na kazi. Mkuu wake wa wakati huo hakuamini. Bi Mkasi akamwomba asimame naye kituoni kwa saa moja tu. Mkuu alisimama, basi likapita limejaa, la pili likapita, la tatu halikupunguza hata mwendo, na akachelewa mkutano ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuitisha. Wiki iliyofuata ratiba ilibadilishwa.

Rangi zilikuja baadaye. Siku hizo mabasi yote yalikuwa meupe, yenye maandishi madogo usoni. Mama yake mzazi, ambaye hakujua kusoma, alipanda basi la kwenda hospitali akajikuta upande wa pili wa jiji. Alirudi alasiri, miguu imevimba, akamuuliza bintiye kama shirika lao lilitaka watu wachague basi kwa kunusa. Kuanzia hapo Bi Mkasi hakutulia hadi kila njia ilipopata rangi yake. Alizijaribu rangi hizo kwenye mvua, kwenye vumbi na machweo, akisimama hatua mia mbili kutoka barabarani. Aliikataa zambarau iliyopendwa na wakubwa kwa kuwa jua likizama huonekana nyeusi, na basi jeusi, alisema, huonekana likiwa limeshafika.

Wasiomfahamu walimdhani mwoga, na hawakukosea. Aliogopa rangi inayong'aa kwa sababu hurusha jua machoni mwa dereva wa nyuma. Aliogopa vituo vilivyo kwenye kona. Aliogopa tangazo lolote lililokaribia taa za breki. Vijana wa karakana walimtania kwamba nyumbani kwake birika la chai lina alama ya hatari. Alicheka nao, kisha akaenda kukagua taa za breki. Hofu yake haikuwa na kelele. Ilikaa naye kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari.

Miaka tisa iliyopita jiji lilianzisha mabasi ya mwendokasi, na yeye ndiye aliyepewa jukumu la kuyapanga na kuyapa sura. Yalikuwa mabasi tisini na sita, marefu, yenye kiungo katikati, kila moja likibeba watu mia na hamsini. Mkurugenzi alitaka sura moja isiyokatika: buluu kutoka pua hadi mkia, madirisha yakiwemo. Bi Mkasi alichora. Aliagiza plastiki ya kubandika yenye matundu madogo kama ya chujio, ambayo kwa nje huonekana rangi tupu, na aliye ndani huona barabara vizuri. Mchoro ulikuwa mzuri kupita yote aliyowahi kuchora. Aliutia sahihi kwa furaha, akabandika nakala yake ukutani.

Uzinduzi ulipangwa Jumatatu. Alhamisi asubuhi alipita karakana kulinganisha rangi, akamkuta fundi bodi akinung'unika. Jiwe lilikuwa limepiga dirisha la basi moja, na fundi alitaka kubadilisha kioo. Kioo kilikuwa kimevunjika chote, vipande elfu, lakini hakikuanguka. Fundi alimweleza kama mzaha, kwamba buluu yake inashika kuliko gundi ya mshona viatu. Bi Mkasi hakucheka. Alimuuliza dirisha hilo lilikuwa lipi. Fundi akajibu kwamba ni la tatu kushoto, lile lenye nyundo nyekundu pembeni.

Wale walioshuhudia wanakumbuka kwamba aliingia ndani ya basi jingine, akaitoa nyundo ya dharura mahali pake na kulipiga dirisha la tatu mwenyewe. Kioo kilitapakaa nyufa kama utando wa buibui, kikabaki kimesimama. Alikisukuma kwa viganja. Alikisukuma kwa bega. Kilifura kwa nje kama shuka iliyoshikwa na upepo, kikarudi. Ilibidi fundi akichane kwa wembe kutoka nje, na ilimchukua dakika nne. Kila basi lilikuwa na madirisha manane ya dharura. Bi Mkasi alikaa kwenye kiti cha abiria, akahesabu kama alivyofundishwa kuhesabu ujanani, akafika mia saba sitini na manane. Kisha akairudisha nyundo mahali pake.

Jambo moja alilijua yeye na wachache tu. Binti yake wa kwanza alikuwa miongoni mwa madereva waliochaguliwa kuyaendesha mabasi hayo Jumatatu.

Alikwenda kwa Mkurugenzi kabla ya saa sita. Alielezwa kwamba mkaguzi wa magari alikwisha kuyapitisha mabasi, kwamba wageni walikwisha kualikwa, kwamba katika historia ya shirika hakuna basi lililowahi kuungua, na kwamba kasoro ndogo zingerekebishwa baada ya sherehe. Alielezwa pia, kwa upole unaotisha kuliko ukali, kwamba sahihi kwenye mchoro ni yake, na kwamba mtu wa umri wake hapati kazi nyingine kirahisi. Bi Mkasi alisikiliza hadi mwisho. Kisha alisema maneno ambayo karani wa Mkurugenzi aliyasikia kupitia mlango ulioachwa wazi.

"Mkurugenzi, nimekijaribu kwa mikono yangu. Kinavunjika, hakitoki. Lile si dirisha tena, ni ukuta, na aliyeujenga ni mimi."

Yafaa kukumbusha utaratibu wetu. Basi haliruhusiwi kutoka yadi bila hati yenye sahihi tatu: ya mhandisi, ya mkuu wa safari na ya mkuu wa mwonekano. Sahihi hii ya tatu ilidharauliwa. Iliitwa sahihi ya rangi, na ilizoeleka kuwekwa mwisho, wakati mwingine juu ya boneti, huku dereva amekwisha kuwasha injini. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba rangi inaweza kulizuia basi. Alasiri hiyo Bi Mkasi aliomba hati zote tisini na sita, ambazo alikwisha kuzitia sahihi, akaketi, na katika kila moja akapiga mstari juu ya jina lake na kuandika pembeni kwamba ameiondoa sahihi kwa sababu madirisha ya dharura hayafunguki. Mkuu wa safari alimsihi aache. Alimwambia, "Dada, unajichimbia kaburi." Akamjibu kwamba ni heri azikwe yeye peke yake, akaendelea na hati ya thelathini na mbili.

Hasira iliyofuata haina haja ya kusimuliwa. Ilikubaliwa kwamba basi litakalokatwa plastiki kwenye madirisha yake yote manane ndilo litakalotoka. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili alishinda yadi na mafundi kumi na wawili, wembe mkononi, mkasi ukiwa umekwisha kushindwa. Vidole vilipasuka. Kufikia Jumatatu asubuhi mabasi sabini na moja yalikuwa tayari. Yalitoka na mapengo ya kioo kitupu katikati ya buluu, na jiji zima likayaita mabasi ya viraka. Watoto waliyachora hivyo shuleni. Mkurugenzi alimwandikia barua ya onyo, akamwondoa ofisini na kumrudisha vituoni kuhesabu abiria. Alihesabu kwa miezi kumi na minne. Taarifa zake za kipindi hicho ni safi kuliko zote zilizomo katika kabati letu.

Alirudishwa ofisini na Mkurugenzi aliyefuata, na kwa miaka mitano hakuna basi lililoungua. Hili lilimsumbua kuliko lilivyomfariji. Wapo waliomwambia, nusu kwa utani, kwamba aliharibu mchoro mzuri kwa ajili ya moto wa ndotoni. Alianza kujiuliza kama walikuwa na haki.

Kisha ikaja asubuhi ambayo wengi wetu tunaikumbuka. Redio ya ofisi ya safari ilitangaza kwamba basi la mwendokasi limejaa moshi ndani ya njia ya chini ya barabara kuu, milango imekwama, watu wamo. Namba ya basi haikutajwa. Bi Mkasi aliinuka, akashika ukingo wa meza. Binti yake alikuwa kazini zamu hiyo, na sote tulijua. Hakuuliza ni dereva gani. Aliuliza kama madirisha yametoka. Kisha sauti ikasema kwamba yametoka, watu wanatoka. Ndipo alipoketi na kumwomba karani wa zamu ampigie bintiye simu. Binti alikuwa kwenye basi jingine, mwisho wa njia, akishangaa kwa nini anaulizwa kama amekula.

Watu mia moja na kumi na wawili walitoka salama. Mmoja tu kati yao aliumia, mwalimu mstaafu, aliyechanwa mkono na kushonwa nyuzi kumi na saba. Shirika lilijiandaa kumpongeza Bi Mkasi, na hotuba ilikwisha kuandikwa. Yeye alikwenda yadi kulikagua basi lile. Kwenye dirisha la sita alikuta ukanda wa plastiki, upana wa kidole, ambao haukukatwa Jumapili ile. Kioo kilining'inia hapo, na mwalimu akapenya chini yake. Daftari la kazi lilionyesha kwamba aliyelikata dirisha hilo ni yeye. Wenzake walimwomba asiandike. Aliandika katika taarifa: kasoro ni yangu. Hotuba haikusomwa.

Alikwenda nyumbani kwa yule mwalimu kumwomba radhi, akasimama mlangoni akieleza yote, ukanda, wembe, Jumapili. Mzee alimsikiliza, mkono ukiwa kwenye kitambaa, kisha akamuuliza yale madirisha mengine saba yalikatwa na nani. Alipojibiwa kwamba ni yeye, alisema, "Basi ingia, binti yangu, usinihutubie mlangoni kama mdai."

Baada ya siku hiyo aliweka kanuni tuliyo nayo leo: atakayetia sahihi ya tatu kwenye mabasi mapya sharti kwanza avunje kioo kimoja kwa mkono wake, akiwa ndani, na akitoe. Si fundi wala mkaguzi atakayemfanyia. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ya kitoto. Msaidizi wake, atakayerithi ofisi, alikuwa mmoja wao.

Wiki iliyopita yalifika mabasi sitini ya umeme. Rangi yake imechapwa kiwandani, ndani ya kioo chenyewe, na inapendeza kwelikweli. Uzinduzi ni baada ya wiki tatu. Msaidizi aliingia katika basi la kwanza akitabasamu, akapiga dirisha la dharura. Akapiga tena. Alipiga mara kumi na moja, na tabasamu likaisha kabla ya pigo la tano. Kioo hakikutoka, na safari hii hakuna plastiki ya kukata kwa wembe. Bi Mkasi alikuwa amesimama nje, upande wa pili wa kioo hicho. Alimwacha ashuke mwenyewe, akiwa na jasho, aende ofisini na kuziweka hati sitini mezani bila kuzitia sahihi. Msaidizi ameitwa kwa Mkurugenzi Jumatatu, tarehe 3 Julai. Atakwenda peke yake.

Bi Mkasi, tunakushukuru kwa njia ulizozipanga, kwa rangi zilizomfikisha mama yako hospitali, na kwa watu mia moja na kumi na wawili. Nenda kapumzike na wajukuu. Ukipanda basi, keti dirishani, utazame nje kama abiria wengine. Afya njema, usingizi mzuri na siku nyingi ziwe zako. Kuogopa tuachie sisi; tumeanza.