Wilbert Mhando, Aliyezipa Gia Ngozi

Marehemu Wilbert Mhando alikuwa na kanuni moja: gari lenye gia mpya kwenye difu, kile kibuyu cha gia kinachozungusha magurudumu ya nyuma, halibebi mzigo kabla ya kuendeshwa tupu. Oili ya gia, alieleza, ina dawa ya salfa na fosforasi. Meno yakisuguana na kupata joto, dawa hushika kwenye chuma na kufanya ngozi nyembamba, inayoliwa yenyewe ili chuma kisiliwe. "Gia mpya iko uchi," alisema. "Humtwishi mzigo mtu aliye uchi."

Alizaliwa Magomeni tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha ufundi magari Chang'ombe hadi 1981. Kazi yake yote aliifanya kwenye gereji za Gerezani. Wafanyabiashara wa Kariakoo walimtukana kwa kuwachelewesha, naye aliwaacha watukane, funguo zikiwa mfukoni.

Mwaka 1990 alifunga ndoa na Vicky. Oili ile hunuka kama yai bovu, na Vicky alizoea kusema, "Mume wangu namjua kabla hajabisha hodi."

Agosti 2016 mama mkwe wake alifariki, na maziko yalikuwa Muheza. Basi dogo la ukoo lilikuwa gereji kwake, gia mpya zimefungwa asubuhi ya safari. Alikataa liondoke na watu. Shemeji yake Donati akamwambia mbele ya watu, "Shemeji, mama yuko kwenye jeneza, wewe unabembeleza chuma?" Vicky naye akasema taratibu, "Baba Akwilina, mama yangu asubiri gia?"

Akatoa funguo. Haraka ya waombolezaji haibadilishi chuma. Yeye alitangulia na gari la jeneza. Nyuma yake, kabla ya Segera, difu ililia, ikakamata magurudumu, basi likapinduka. Vicky hakutoka hai.

Tangu hapo hakugusa tena oili. Januari 2024 figo zilimlaza, akawa anausikia mlio wa difu ile na kututajia ulipofika njiani kuja kwetu Magomeni: "Iko Jangwani. Sasa iko Mapipa." Tarehe 9 Juni, adhuhuri, akasema, "Imefika." Uchochoro wetu haupitishi hata bajaji. Lakini vioo vya dirisha vilitetemeka, na chumba kikanuka yai bovu. Akasema, "Pita, Mama Akwilina, mlango uko wazi," akakata roho. Tuliokuwepo tuliyasikia hayo, na hatuyaongezi chumvi.

Ameacha watoto wawili, Akwilina na Godlove, na mjukuu mmoja. Mungu ampe usingizi mtulivu.

Kanuni yake aliivunja mara moja. Walikufa watu wanne, mkewe akiwa mmoja wao.