Mama Dorothée Mbuyu na Mikono Iliyomkatalia

Wazazi, ndugu, majirani na ninyi nyote mliolala nasi hapa kwenye kilio, familia ya Kazadi na familia ya Kitwa zimenituma, mimi mdogo wake Kisimba, niwasomee maisha ya dada yetu, na kama mtasikia hasira katika sauti yangu mnisamehe, kwani hasira hiyo ilikuwa yake kwanza.

Mama Dorothée Mbuyu alizaliwa Kabondo-Dianda tarehe 9 Oktoba 1951, mtoto wa tatu wa Baba Kazadi, mkulima, alisoma shule ya msingi hapohapo kwa masista, kisha akaletwa Kamina kwa shangazi, akaingia shule ya wauguzi mwaka 1967, akatoka mwaka 1970 na diploma ya uzalishaji, yaani ukunga. Tarehe 4 Januari 1971 alianza kazi katika maternité, hospitali ya uzazi ya hapa mjini, na baadhi yenu mnaolia leo mlipokelewa duniani na mikono yake.

Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na Maurice Kitwa, mfanyakazi wa reli, wakapata watoto watano, Mungu akawaachia wanne, mkubwa akiwa Ézéchiel, na kitinda mimba Lydie, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1986.

Ni baada ya uzazi huo ugonjwa ulipoanza. Asubuhi vidole vilikuwa vigumu mpaka jua lipande, viungo vya mikono vikavimba, na yeye aliyekuwa akifunga uzi wa kitovu bila kuangalia akawa anaomba wenzake wamfungie. Aliambiwa ni rumatizimu ya wazee, naye hata miaka thelathini na mitano hajamaliza, akapewa aspirini, ikamchoma tumbo hadi kutapika damu, akatibiwa tumbo, macho yakakauka, akatibiwa macho, pumzi ikawa fupi, akatibiwa kifua kikuu miezi sita, na kifua kikuu hakuwa nacho.

Mwezi wa tano 1992 Daktari Kayembe, kijana aliyekuwa amefika karibuni, alimpima asubuhi nzima, vidole, macho, mapafu, kisha akamwambia: « Mama, hii yote njo ugonjwa moja, mwili yako inajipiganisha yenyewe, jina yake polyarthrite, haiponake, lakini inaweza kutulia. » Alirudi nyumbani akicheka, mumewe akashangaa mtu anachekaje kwa ugonjwa usiopona.

Kwa vidonge vya kutuliza uvimbe alivyopewa na daktari alipata nafuu, nayo ilidumu miezi kumi. Mwezi wa tatu 1993, watu wenye asili ya Kasai walipokuwa wakifukuzwa katika mkoa wetu, Daktari Kayembe, ambaye baba yake alitoka huko, alipandishwa kwenye behewa pamoja na mke na watoto, na Maurice, aliyekuwa kazini kwenye gare ya treni siku hiyo, alimpa maji ya kunywa, zaidi ya hapo hakuweza. Mama Dorothée alisema: « Bamefukuza muntu mwenye alinijua, sasa nani ananibakia? »

Hakubaki mtu. Vidonge vyake, prednisolone, alivinunua sokoni, akavimeza bila kipimo, tarehe 30 Septemba 1994 akaondolewa kwenye chumba cha kuzalisha kwa sababu ya mikono, na mwaka uliofuata akajikwaa mlangoni, nyonga ikavunjika, kwani dawa ilikuwa imekula mifupa. Uso ulivimba, watu wakamsifu kwamba amenona, amepona, naye akiingia ndani analia. Kwenye kundi la maombi aliambiwa atubu, na shangazi wa mumewe alipotaja ulozi, alimjibu mbele ya wote: « Minyi sikulogwa, niko mugonjwa, na ugonjwa yangu iko na jina. »

Vita ya mwezi wa nane 1998 ilifunga njia, treni zikabeba askari, vidonge alivyokuwa akiletewa na jirani yetu mfanyabiashara, Mama Hawa, vikapungua, na mwezi wa kumi na moja 1999 vikaisha kabisa, mwili uliovizoea ukaanguka kwa ghafla. Tarehe 6 Desemba, mwanamke mkimbizi aliyetoka kaskazini kwa miguu alishikwa na uchungu uani kwa dada yetu, mtoto akitanguliza matako, na askari walikuwa wamefunga barabara ya hospitali. Mama Dorothée alibebwa kwenye kiti mpaka pale, hakuweza kushika hata mkasi, akamwongoza Mama Hawa kwa mdomo: « Usivute! Acha ashuke mwenyewe. Sasa inua miguu ya mtoto, polepole. » Mtoto alilia, ua zima likashangilia, yeye akatazama vidole vyake vilivyopinda akasema: « Miaka makumi mbili na tatu nilifanya hii kazi, na leo nimeangalia tu. » Hakutaka kupongezwa.

Mapafu yalizidi kukaza, akalazwa tarehe 20 Februari 2000, na Jumanne tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na miaka arobaini na minane, Maurice na Lydie wakiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia katika mji usio na dawa, Mama Hawa na majirani wote waliombeba, wazalishaji wenzake waliomwosha na kumvalisha, na Daktari Kayembe, popote alipo, kama yu hai. Tunaomba pia, kwa heshima yake, asitafutwe mlozi katika kilio hiki, wala asinyooshewe mtu kidole.

Dada yetu, umesumbuka vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.