Maneno Ambayo Mama Honorata Hakuyasema

Mama Honorata Ruhasha alizaliwa Mwamgongo tarehe 14 Mei 1951, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Martini Ruhasha. Alisoma shule ya msingi kijijini, akaendelea Kigoma mjini, kisha akasomea lishe Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1974.

Alikuwa afisa lishe hadi alipostaafu mwaka 2011. Watu wa Katonga watakumbuka alivyofunua vyungu vyao bila kukaribishwa: "Dagaa nawaona. Majani yako wapi?" Alifundisha kwamba sombe, yaani kisamvu, mchicha, vitunguu na matunda vina virutubisho vinavyoweza kuusaidia ubongo uzeeni. Akiulizwa kama vinazuia ugonjwa wa kusahau, alikuwa mkali: "Vinaweza kupunguza hatari. Sijasema vinazuia, wala sijasema vinatibu."

Mwaka 1978 alifunga ndoa na marehemu Urbanus, fundi seremala, aliyeingia kwenye ndoa akiwa hagusi mchicha. Alianza kuula kwa kumwogopa mkewe. Mwishowe akawa anaudai mwenyewe.

Mwaka 2021 ugonjwa huo huo wa kusahau ulimpata Mama. Wapo waliocheka: "Majani yote yale yamemsaidia nini?" Hilo tulilivumilia. Lililotutia kichefuchefu ni jingine. Muuza dawa mmoja, ambaye hatutalichafua jeneza hili kwa jina lake, alikuja nyumbani kwa Mama, Buzebazeba, na shikamoo nyingi, akampiga picha Mama ameshika kopo la unga wa kijani. Haukupita muda, picha ikawa kwenye mabango: "Nilikuwa nasahau, sasa nakumbuka yote. Honorata, afisa lishe mstaafu." Tulipomfuata alijibu, "Mama mwenyewe alikubali." Alikubali! Mtu asiyekumbuka hata jina la binti yake!

Binti huyo, Brigita, alimpeleka Mama akalione bango.

"Huyu ni nani?" Mama aliuliza.

"Ni wewe, Mama."

"Na mimi nilisema hivyo?"

"Hapana."

"Basi waambie."

Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2025 kwa homa ya mapafu. Juzi, tukiwa msibani, muuza dawa yule yule alileta makopo ili yagawiwe waombolezaji. Kinyaa kitupu. Brigita aliumwaga unga wote chooni.

Tunawaambia sasa: maneno yale hayakutoka kinywani mwake. Nanyi mkawaambie wengine huko mrudiko.

Ameacha watoto wawili, Brigita na Nikodemu, wajukuu watano, na dada yake, Genoveva. Bwana ampokee, mwili wake na akili yake vipumzike kwa amani.