Macho Yakienda, Gari Linafuata

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali. Limeegemezwa ukutani kwa kinyozi, na hatua nne mbele yake barabara inapita na mistari yake myeupe ya kivuko. Klachi hukaa mwisho wa benchi, upande wa barabara, mahali ambapo hakuna mwingine anayethubutu kupakalia hata siku mwenyewe anapoumwa. Miaka thelathini na moja alifundisha udereva, na nusu ya wanaoshika usukani mjini hapa walitokwa jasho kando yake. Asubuhi hiyo alikuwa na furaha ya mtu anayeshinda kesi, maana kesi ilikuwepo. Jana yake gari dogo lilikosakosa kumgonga Bi Birika, muuza kahawa, katikati ya kivuko, akitoka jikoni kwake ng'ambo. Sinia lilimponyoka, vikombe sita vikavunjika, birika likabonyea ubavuni. Gari lilisimama kidogo, magari ya nyuma yakapiga honi, likaondoka kabla mtu hajaona uso wa dereva. Bi Birika hakuumia. Ila leo alilitua birika juu ya stuli na kutangaza kwamba hilo ndilo la mwisho: likiisha anahamia sokoni, ambako jiko na wateja vitakuwa upande mmoja wa barabara.

Hapo ndipo furaha ya Klachi ilipokuwa na mwiba. Bi Birika ni mjane wa mdogo wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia alete birika hapa, mwaka ule wa msiba, akamwapia kwamba mbele ya macho yake halitampata baya. Sasa alitaka kumbakiza, na njia pekee aliyoijua ya kumbakiza mtu ni kumshinda kwa maneno.

— Simu, alisema Klachi. Shemeji, aliyetaka kukuua ni simu. Dereva wa siku hizi ana mkono mmoja kwenye usukani, wa pili uko kwenye maisha ya watu.

— Mimi niliiona kwa macho yangu mawili, alisema Wembe, kinyozi, ambaye mlango wake uko wazi nyuma ya benchi na mteja wake alikuwa ndani akisubiri na povu shavuni. Simu kubwa, kama kile kioo changu cha ukutani.

— Jana ulisema ndogo, kaificha kiganjani.

— Imekua. Simu za siku hizi zinakua.

Bi Birika alimimina vikombe vitatu. Birika likapungua.

— Simu inasingiziwa, alisema Spana. Huyu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, na kwa kazi hiyo anaujua udereva wa mji mzima kwa makovu yake. Shida ni mguu wa kushoto.

— Mguu wa nani?

— Wa dereva. Zamani gari lilikuwa na klachi, mguu wa kushoto una kazi yake, unakanyaga, unaachia. Gari za sasa hazina. Mguu umekaa bure kutwa nzima. Kiungo kikikosa kazi kinatuma wenzake. Mguu unauambia mkono, hebu tazama nani kapiga. Ndiyo maana wahenga wakasema, asiye na mwana aeleke jiwe.

— Jiwe linaingiaje hapo?

— Ndilo lile unaloweka nyuma ya tairi.

Klachi aliafiki kwa kichwa, si kwa sababu ya jiwe, bali kwa sababu klachi ilikuwa imetajwa kwa heshima. Wembe hakukubali kupitwa.

— Mguu hauna kosa. Ni nywele. Mtu hanyoi miezi miwili, nywele zimemfunika masikio, honi ataisikia wapi? Na wengine wananyoa wakiwa njiani. Wiki iliyopita kaja mtu hapa na nusu kidevu. Nusu nyingine kaimaliza kwenye mataa, taa ikawaka kijani. Ndiyo maana wakasema kinyozi hajinyoi.

— Hiyo inahusu barabara?

— Inahusu barabara tu. Akijinyoa, ni nani anayeshika usukani?

— Na viti, alisema Spana, ambaye sasa alikuwa amepamba moto. Viti vimekuwa laini kama makochi. Mtu akikaa anajiona yuko sebuleni kwake. Na wewe sebuleni kwako, mtu akikatiza mbele yako, unasimama kumpisha? Unamwambia aondoke, anakuziba.

Hata mteja wa povu alicheka. Klachi aliwaacha wacheke, kisha akainua kidole, kile kilichowahi kunyima watu leseni.

— Semeni yote. Mimi nasema hivi: aliyepita mikononi mwangu hagongi mtu. Somo langu la kwanza, kabla hujaushika ufunguo, lilikuwa moja. Macho yakienda, gari linafuata. Ukitazama shimo, utaingia shimoni. Ukitazama simu, utaingia kwa watu. Huyo wa jana alijifunzia vichochoroni.

Wakati huohuo lori la mchanga lilitokea kwenye kona. Klachi alisimama kama aliyechomwa sindano, akapunga mkono juu, akapaza sauti yake ya darasani, ile ya kumkumbusha dereva kuangalia nyuma:

— Vioo!

Dereva wa lori alitoa kichwa chote dirishani, meno yote nje, akapiga honi mbili na kuinua mkono. Lori likapita juu ya mistari myeupe huku kichwa cha dereva kikiwa bado kimegeukia benchi. Bi Birika alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea.

— Mwanafunzi wangu, alisema Klachi akiketi. Nimemjua kwa mikono. Mikono miwili juu ya usukani, vidole gumba vimelala. Wangu wote wanashika hivyo.

— Aliushika kwa mmoja, alisema Bi Birika. Wa pili alikuwa anakupungia.

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu atangaze kuhama. Klachi aliichukulia kama utani wa shemeji, akacheka peke yake.

Bi Birika alikuwa anamimina vikombe viwili vya mwisho mwanamke mmoja alipovuka kutoka upande wa pili. Alikuwa amevaa aproni nyeupe yenye unga, na mikononi ameshika boksi. Aliangalia huku, akaangalia kule, akaangalia huku tena, ndipo akavuka. Klachi alimwona na moyo wake ukachanua. Yule alikuwa mtu aliyefundishwa.

Mgeni aliwaamkia wote shikamoo, akampa Bi Birika boksi kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na vikombe sita vipya.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Wembe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali yake ilikuwa mahali pake.

— Mama, ni mimi wa jana, alisema mgeni. Naendesha gari la mikate. Magari yalinisukuma kwa honi, nikaondoka, na usiku sikulala. Nimekuja kuomba radhi.

Wembe alijikuta akitafuta kitu cha kufanya na taulo lake.

— Na simu je? aliuliza. Ile kubwa.

— Simu yangu inabaki kazini. Dereva haruhusiwi kutoka nayo.

Spana alimtazama Wembe. Wembe akamtazama mteja wa povu, kana kwamba yeye ndiye aliyeiona.

Mgeni alimgeukia Klachi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Klachi zaidi ya yote.

— Mwalimu, pengine umenisahau. Ulinipa leseni safari ya tatu. Somo la kwanza nalikumbuka mpaka leo, macho yakienda, gari linafuata. Jana nilikuwa natazama mbele. Ukasimama, ukanipungia, ukaniitia "vioo". Nikajua umeona kitu, labda tairi, labda mlango wa nyuma. Nikakutazama wewe. Nimekaa nawaza usiku kucha. Ulikuwa unataka kuniambia nini?

Kijiwe hiki kina jibu la kila kitu, kina jibu hata la maswali ambayo hayajaulizwa. Spana alifungua kinywa.

— Nyani...

— Usiimalizie, alisema Bi Birika.

Klachi alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alirudi nyuma kuhesabu mikono aliyoipunga kwenye benchi lile, asubuhi baada ya asubuhi, na kila mkono alioupunga ulikuwa umevuta jicho la mtu kutoka barabarani. Miezi yote hiyo alikuwa akiitukana simu, kumbe simu kubwa kuliko zote ilikuwa imekaa mwisho wa benchi, inakunywa kahawa.

— Sikuwa na la kukuambia, mwanangu, alisema. Nilikuwa nakusalimia tu. Nilitaka unione.

Klachi alisimama, akajipangusa suruali.

— Mtihani nimefeli mimi, si wewe. Shemeji, birika limeisha?

— Limeisha.

— Basi tukalijaze. Ukitaka kwenda sokoni baada ya hapo, nitakubebea jiko mwenyewe.

Alichukua birika lililobonyea na kusimama ukingoni mwa kivuko. Magari yalikuwa yanakuja pande zote mbili: lori la maji, teksi mbili, pikipiki ambayo dereva wake kachomeka simu ndani ya kofia yake. Klachi hakupaza sauti wala hakupunga. Alinyoosha mkono mbele, kiganja wazi, akautuliza hapo. Darasani kwake ishara hiyo ilikuwa na maana moja tu, na waliowahi kuikosea waliikumbuka kwa masikio waliyovutwa.

Teksi ya kwanza ilisimama kama iliyofika nyumbani. Ya pili ikafuata. Lori la maji likapumua kwa kishindo, likatulia nyuma kabisa ya mstari. Dereva wa pikipiki, ambaye umri wake haukumruhusu kuwa mwanafunzi wa Klachi, alitazama magari yaliyosimama, akatazama kile kiganja, akachomoa simu kwenye kofia na kuitia mfukoni. Hakuna aliyepiga honi. Benchi zima lilikuwa limesimama, na mteja wa Wembe alitoka nje na taulo shingoni asije akapitwa.

Bi Birika alivuka katikati ya mistari, Klachi ubavuni mwake kiganja bado wazi, polepole, kichwa juu, kama bibi arusi anayejua kwamba wote wamemngojea yeye. Alipofika ng'ambo alichukua birika lake mkononi mwa Klachi, akaingia jikoni, na wote waliobaki upande huu wakakodolea macho mlango ule wasijue kama atatoka na birika au na jiko.

Alitoka na birika. Moshi wake ulionekana tangu mbali. Klachi akanyoosha kiganja tena, barabara ikasimama tena, na safari hii dereva wa lori jingine alizima injini kabisa kwa adabu.

Spana na Wembe walikuwa wameshaligeuza benchi, mgongo barabarani, uso ukutani. Bi Birika alilitazama benchi, akawatazama, akaanza kugawa kwenye vikombe vipya. Cha kwanza alimpa mgeni. Kisha Spana, kisha Wembe, kisha mteja ambaye povu lilikuwa limemkaukia. Klachi akawa wa mwisho.

— Mwenye kosa anakunywa mwisho, shemeji, alisema Bi Birika.

— Lakini anakunywa.

— Leo anakunywa. Na kesho nakuja saa moja, mkono uwe tayari pale ukingoni.

Klachi alipokea. Nyuma yake gari lilipita na kupiga honi mbili, honi ya mtu anayemfahamu, akahisi bega lake la kulia likitaka kuinuka. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, vidole gumba vimelala, akatazama mbele.