Kamba Iliyomuua Garland Keeping

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama umewahi kukanyaga gati la wavuvi la hapa Cinq Roches, huyu unamjua. Ni yule mama aliyekuwa akipiga kelele kuwashinda shakwe: "We! Njoo hapa! Geuka nione shingo!" Alfreda Keeping amefariki. Amefariki Jumapili nyumbani kwake, mapafu yalimshinda.

Alfreda alikuwa fundi wa kamba. Aliunga kamba bila fundo. Alifumua ncha, akatenganisha misokoto yake mitatu, akaipenyeza ndani ya kamba yenyewe, juu ya huu, chini ya ule, mpaka usione ilipoungwa. Ndivyo alivyomtengenezea mumewe, Garland, kamba ya kuvalia kisu shingoni. Mvuvi wa kaa hawezi kuwa mbali na kisu chake. Mguu ukinaswa na kamba ya mtego, unakata, la sivyo unazama nao. Garland aliivutavuta kamba ile mbele ya wenzake akicheka: "Bibi yangu huyu! Hii hata meli itaning'inia!"

Asubuhi moja ya Mei, Garland aliinama juu ya winchi ya kuvutia mitego. Kamba ya shingoni ikashikwa. Winchi ikazidi kuzunguka. Mwanawe, Lorne, alikuwa nyuma ya chombo. Alikimbia akaizima. Alikuta baba hana uhai.

Wasikilizaji wapendwa, kamba haikukatika. Pale ilipoungwa hapakuachia. Alfreda alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno.

Melita, dada yake Garland, alihamia pale nyumbani kumwangalia mjane. Anasimulia hivi: "Wifi yangu hakulia. Hakula. Namwekea samaki na viazi, nakuta vimepoa. Siku moja nikamkuta jikoni na kamba shingoni. Moyo ukanipasuka! Nikasema, Freda, unataka kufanya nini? Akanishikisha kamba. 'Vuta, wifi.' Sivuti! 'Vuta, nimekwambia!' Nikavuta kidogo tu, huku nalia. Ikaachia nyuma ya kisogo, pap! Akaiokota, akaitazama. Akaanza kutengeneza nyingine."

Alfreda alikuwa ameikata kamba hiyo pale kisogoni. Kila ncha akaifanyia kitanzi kidogo cha kuunga, halafu akavifunga vitanzi viwili pamoja kwa uzi wa kushonea vifungo. Uzi mwembamba. Ukivutwa kwa nguvu, unakatika. Kamba ni imara, ila hapo kisogoni pana udhaifu, na udhaifu huo umewekwa makusudi.

Kuanzia hapo hakuna mvuvi aliyepumzika. Alfreda alishuka gatini mvua au theluji, akashika kola za wanaume wazima, akavuta. Kamba isipokatika, aliikata kwa mkasi. Nahodha Selby Durnford aling'aka: "Mama Keeping, umezidi sasa! Uzi wa vifungo? Kisu changu kitaanguka baharini!"

"Kianguke. Visu vinauzwa dukani. Selby Durnford hauzwi."

"Na mimi nani atakayeninunua?" Selby akasema. Watu wakacheka. Alfreda hakucheka. Aliikata kamba yake palepale.

Lakini Lorne, mwanawe, hakutaka. Kila alipompa kamba, aliiacha mezani. Anasema mwenyewe: "Sikuweza kuvaa kitu kilichotoka kwenye mikono ile. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mama yangu hivyo, mbele ya shangazi." Mwishowe Melita alimvalisha kwa nguvu mlangoni, akimwambia, "Utavaa, au utanipita mimi kwanza."

Majira ya kaa ya mwaka uliofuata, winchi ilimshika Lorne. Ilimshika kama ilivyomshika babake, kwa kamba ya shingoni. Uzi ukakatika. Kisu kikaenda na maji. Lorne akaanguka kwa makalio, anahema, mzima.

Alirudi nyumbani na mstari mwekundu shingoni na kipande cha kamba mkononi. "Nilidhani atafurahi," anasema. "Nikamwambia, Mama, imekatika. Akasema, 'Imekatika?' Nikasema, uzi umekatika, mimi huyu hapa. Akanishika uso. Halafu akakaa sakafuni. Akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Alikuwa anasema neno moja tu: 'Uzi. Garland wangu. Uzi tu ungetosha.'"

Hatukuweza kumtoa kwenye majonzi hayo, wasikilizaji wapendwa. Nami nilikuwa miongoni mwa waliojaribu. Tulimwambia, mwanao yu hai kwa sababu yako. Alijibu, "Najua." Kisha akageukia ukuta. Hakushuka tena gatini. Lorne alimlisha kwa kijiko mpaka mwisho, na kila jioni mama alimuuliza swali lilelile: "Uzi ulikatika upesi?"

"Upesi, Mama."

"Hukuumia?"

"Sikuumia."

Ndipo alipokubali kufungua mdomo.

Kwako Lorne, kwako Melita, na kwa Cinq Roches yote, poleni sana. Nawe unayenisikiliza, uliyevaa funguo, filimbi au kitambulisho shingoni, au uliyemvalisha mtoto: ikamate kamba hiyo sasa hivi, uivute. Kama haiachii, ivue. Alfreda Keeping alijua jinsi ya kumrudisha mtu nyumbani. Alijua akiwa amechelewa kwa mtu mmoja, na huyo mmoja, Garland wake, ndiye aliyekuwa akimsubiri arudi.