Kamba ya Pili

Basi lilipoondoka kituoni, mshonaji alifumba macho ili asikie vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake, mkata miti aliyepakata kamba kama mtoto alikuwa akimweleza jirani yake, muuguzi wa wodi ya mifupa, jinsi anavyopanda. "Naipitisha juu ya tawi, ncha moja naifunga chini kwenye shina, napandia nyingine. Kamba moja tu, dada, na juu nafika chai haijapoa."

"Na tawi likikatika?"

"Nalivuta kwanza, nalijaribu."

"Na wenzako wanaokata matawi pale chini? Msumeno ukipita hapo shinani ulipofunga?"

Mkata miti alicheka kicheko cha mtu anayetafuta jibu. "Wale wananijua."

"Hata ninaowauguza mimi walikuwa wanajuana na wenzao."

Mshonaji, ambaye hata mfuko wa suruali huupiga mshono mara mbili, alifumbua jicho moja.

"Kamba ya pili ninayo," mkata miti alijitetea. "Mpya kabisa. Mke wangu anaanikia nguo."

"Basi nguo zako ziko salama kuliko wewe."

"Dada, asubuhi yote hii unanitakia mabaya!"

"Nakutakia mema. Wodini kwangu kuna kitanda kitupu, nami nakipenda hivyo hivyo."

Basi liliposimama, mkata miti alishuka akinung'unika kwamba watu wa hospitali wanaona mivunjiko kila mahali. Mshonaji alichungulia dirishani. Jamaa alikuwa ameligeuzia basi mgongo, simu sikioni.

"Mama watoto, anua nguo," alisema. "Najua hazijakauka. Wewe anua, nakuja."